Una kampavani ya dizeli? Hivi ndivyo utajua kama moshi wake unakudanganya

Wasee wa kampavani, zile gari za kulala ndani, hii stori ya dizeli zinazodanganya imerudi tena midomoni mwa watu na kila mtu ananiuliza kitu moja, eti "na yangu iko kwa ile listi ya gari zinazodanganya kipimo cha moshi?" Mimi nina HiAce ya dizeli, ile watu wanaita box, tulitoa viti tukaweka kitanda, sinki na kafriji kadogo, tunakaa Nakuru na karibu kila mwezi tunateremka nayo Kisumu ama tunapanda hadi Kitale, kwa hivyo nitawaonyesha vile mimi hucheki. Ukimaliza utajua kama gari yako ni safi, ama ni chafu lakini inakubali ni chafu, ama ni chafu na inakana. Hiyo ya tatu ndio noma.

Kwanza shika vile uwongo wenyewe ulifanywa, juu usipoelewa hapo utatafuta kitu kwenye hakiko. Mwezi wa 9 mwaka wa 2015 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka softwea ndani ya dizeli zake inayojua saa ile gari inapimwa. Inajua aje? Gari ikiwa juu ya rola za kupimia tairi zinazunguka lakini usukani haugeuki, na spidi inapanda na kushuka kwa ule mpangilio wa maabara, sasa kompyuta ikinusa hivyo inajiweka heshima, inabana gesi chafu ya moshi inaitwa NOx (oksidi za nitrojeni), karatasi inatoka safi. Ukiitoa barabarani inarudia tabia zake, NOx mpaka mara 40 ya kiwango cha Marekani. Na waliofanya mambo yajulikane ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga mashine ya kupima nyuma ya gari wakaiendesha barabarani kama watu wa kawaida, basi, hakuna uchawi. Kampuni ikakubali ni gari kama milioni 11 duniani, injini yenyewe inaitwa EA189, na siku tano tu baada ya EPA kuongea mkubwa wao Martin Winterkorn alikuwa amejiuzulu.

Watu wa kampavani kule Ulaya waliguswa sana baadaye. Julai 2020 waendesha mashtaka wa Frankfurt walipekua ofisi Ujerumani, Italia na Uswisi kwa sababu ya dizeli za Fiat na Iveco, na kampavani nyingi za Ulaya zimejengwa juu ya Fiat Ducato, kwa hivyo mtu ameweka pesa ya uzeeni kwa nyumba ya magurudumu halafu anaskia injini yake inachunguzwa. Hata kabla ya hapo, tangu 2016, wakubwa wa Ujerumani walikuwa wanasema baadhi ya dizeli za Fiat zinapunguza usafishaji wa moshi baada ya dakika 22, na kipimo cha maabara siku hizo kilikuwa sekunde 1,180, yaani hata dakika 20 haifiki. Kampuni ilikana. Lakini piga hesabu ya kwetu, dakika 22 kutoka tao Nakuru na hiyo jam yetu hata Salgaa hujafika, na safari yote iliyobaki mpaka Kisumu ni juu yako.

Sasa yako. Usianze kwa intaneti, anzia kwa chasisi. Fungua logibuku ama soma kibati kilichopigwa kwa gari. Kama ni HiAce na chasisi inaanza na KDH hiyo ni injini ya KD, ile ya zamani kidogo. GDH ni 1GD, lita 2.8, ndio nyingi zinazoingia miaka hii kwa sababu ya ile sheria ya Kenya ya gari ya kuagizwa isizidi miaka 8. TRH ni petroli, wewe funga hii stori uende ukapike chai. Wenye GDH ndio hunipigia simu wakitetemeka, juu Januari 2024 ilitangazwa kwamba Toyota Industries, wale wanaotengeneza hizo dizeli, walipima nguvu ya injini wakitumia kompyuta yenye softwea tofauti na ile inayowekwa kwa gari za kuuza, ili namba zitoke laini bila kurukaruka. Modeli 10 zikasimamishwa kutoka kiwandani kwa muda, HiAce, Prado, Hilux na Fortuner zikiwemo. Ni uwongo, sikatai, lakini ulikuwa wa nguvu za farasi kwenye karatasi. Hii si ile ya Volkswagen ya kuficha moshi, na Toyota ilisema ilipima upya gari za kawaida ikakuta ziko ndani ya kiwango na hakuna haja mtu aache kuendesha. Kwa hivyo mtu asikuuzie woga, na pia asikuuzie "dawa ya softwea" ya huo ugonjwa, nimeskia kuna majamaa wanauza.

Kama ni Caddy ama Amarok ya miaka ile ya kabla ya 2015, hapo ndio EA189 inaingia. Chukua VIN, zile herufi na namba 17, uziweke kwa tovuti ya kampuni uone kama kuna rikoli, yaani kampuni imeiita irudi irekebishwe. Gari za Japani hazina VIN ya 17, zina chasisi namba tu, na Toyota ya Japani iko na ukurasa wa kucheki rikoli kwa hiyo namba, ni Kijapani lakini simu inatafsiri, dakika tano umemaliza. Huku kwetu usingoje barua. Mtu wa Uingereza alipata wakili, Mei 2022 Volkswagen ikakubali kulipa pauni milioni 193 kwa watu kama 91,000 wa Uingereza na Wales. Wewe uliyenunua yadi ya Mombasa wa tatu kutoka mwenye gari wa kwanza, barua itatumwa wapi?

Hapa sasa kuna kitu naona watu wa Bonde la Ufa na magharibi wanapita tu na ni yetu kabisa. Baada ya ile kashfa gari za EA189 zikapewa softwea mpya ya kurekebisha. Julai 2022 mahakama ya juu ya Ulaya ikaangalia hiyo softwea mpya, ikakuta usafishaji wa moshi unafanya kazi kamili tu kama joto la nje liko kati ya nyuzi 15 na 33, na gari iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ikasema huo nao ni ujanja uliokatazwa. Sasa we niambie, Nakuru iko mita kama 1,850. Kisumu, pale chini kabisa kwa ziwa, ni 1,130 na kitu. Kakamega, Kericho, Eldoret, Kitale zote ziko juu zaidi, Timboroa inapita 2,700. Na asubuhi ya mwezi wa saba Nakuru hiyo nyuzi 15 unaiona saa nne. Yaani gari yenye softwea kama hiyo inaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa huku kwetu bila kusafisha moshi vizuri hata siku moja, na taa ya dashi imenyamaza. Ndio maana karatasi ya Ulaya ama Japani mimi naisoma tu kama kadi ya chanjo, nzuri kuwa nayo, lakini mtoto bado unamshika paji la uso.

Kushika paji ni hivi. Injini ikiwa imelala usiku kucha na iko baridi, chukua tishu nyeupe, funga kwa kidole, ingiza ndani ya ekzosi usugue ukuta wa ndani. Gari yenye DPF inayofanya kazi, hilo chujio la masizi, tishu inatoka na kakijivu kidogo ama vumbi tu. Ikitoka nyeusi tii kama umefuta sufuria ya kuni, chujio limepasuka ama halipo. Usiulize muuzaji, tishu imeshasema. KDH za zamani kuna zingine hazikuja na chujio kabisa, kwa hivyo jua kwanza yako ilizaliwa na nini kabla uanze kelele.

Lakini usidanganyike na tishu safi pia, hapa wengi wanakosea. Masizi unaona, NOx huoni. Ile gesi ya kashfa haina rangi ya kukuonyesha, gari inaweza kuwa na ekzosi ya kung'aa na bado inamwaga. NOx inashushwa na vitu viwili, EGR, ile vali inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usizidi ukali, na kwa gari mpya kuna AdBlue, ile maji ya urea inayopulizwa kwa moshi. Hivyo viwili ndivyo mafundi wetu hupenda kuua, na vikiuliwa vizuri hutaona chochote kwa macho, kwa hivyo lazima uongee na kompyuta.

Nunua skana ndogo ya bluututhi ya kuchomeka chini ya dashi, zile za mitaani za bei ya chini, na app ya simu. Zingine hazielewani na gari za Japani, ikikataa usilazimishe, tafuta fundi wa waya mwenye mashine kubwa ulipie nusu saa. Cheki kwanza kodi, zile namba za hitilafu. P0401 ni EGR haipitishi vya kutosha, P2002 ni chujio halichuji, P2463 limejaa masizi, P20EE ni upande wa AdBlue umelegea. Kodi ikiwepo usikasirike, hiyo gari inasema ukweli, inatibika. Mimi naogopa ile haina kodi hata moja NA vipimo vyake vya ndani vimeandikwa bado havijakamilika, hiyo maana yake mtu amefuta kompyuta jana jioni kabla hujakuja. Mwambie mwenyewe uendeshe kilomita hamsini ndio ucheki tena. Akianza kuangalia saa, ushajua.

Ya EGR fanya hivi, injini ikiwa moto na iko sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, angalia kwa app namba ya hewa inayoingia na namba ya vali ya EGR. Vali ikifunguka hewa safi inafaa kupungua, ikifungwa inapanda. Kama vali inadai imefunguka asilimia fulani na hewa haijatingishika, basi kuna bati imewekwa hapo kati kuziba, na mtu ameilipia. Ukipata fundi mtulivu afungue boliti mbili utaiona, kakipande ka bati kembamba kasiko na shimo. AdBlue ni rahisi zaidi, jaza tangi, andika kilomita, na kama umepiga elfu kadhaa na haijashuka hata kidogo kuna kasanduku kamefungwa kwa waya kanakodanganya kompyuta kwamba kila kitu kiko sawa. Hako kasanduku nimekashika kwa mkono, ni kadogo kama kiberiti.

Sasa nikiri yangu. 2021 taa ya DPF iliwaka tukitoka Kericho, gari ikakosa nguvu, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Nakuru, jina nitaliacha. Akazunguka gari mara moja akasema, "Bosi, hii kitu ya kuchuja natoa, nakuwekea paipu moja kwa moja, itaruka." Nikamuuliza na taa je. "Hiyo nazima na laptopu." Nikamuuliza tena, sasa kompyuta ya gari itajua aje chujio halipo? Akacheka kabisa, akanishika bega. "Haitajua mkubwa. Tunaiambia isiulize."

Nikalipa elfu 25. Wallahi siku hiyo sikushtuka, tena nilienda nyumbani nikisimulia vile gari imeruka kwa mlima. Miezi kama mitatu baadaye tumelala Elementaita, asubuhi bibi ananiita nyuma ya gari, ameshika mto wa kijana wetu, ule huwa anaulaza karibu na mlango wa nyuma. Ule upande wa mlango ulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umenyooka kama umechorwa na kalamu, sawa kabisa na pale raba ya mlango imechoka. Masizi yalikuwa yanaingia tukitembea. Bibi hakuongea, aliutoa foronya akaniwekea kwa paja nikiendesha. Hapo ndio ile "tunaiambia isiulize" ilinirudia vizuri, juu hiyo ndiyo sentensi yote ya Volkswagen, tofauti ni wao walikuwa na maabara na mimi nilikuwa chini ya mwembe na risiti sikupewa. Kurudisha chujio la mtumba, kulipanga na kuamsha sensa zake ilinila mara nne ya ile pesa ya kutoa.

Kwa hivyo taa ya DPF ikiwaka, kabla ya kukubali kukatiwa, jaribu haya. Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi, linapata joto la kama nyuzi 600, na ili lifanye hivyo linataka mwendo wa barabara kuu bila kuzima, mpe dakika 20 ama 30, Nakuru kwenda Gilgil na kurudi ni dawa nzuri. Ukiskia harufu ya kuungua na sailensa imepanda kidogo usizime, ndio inachoma. NA USIPAKI KWA NYASI KAVU, tafadhali, hilo ni kosa la watu wa kempu pekee, unatoka barabarani chujio likiwa moto huo, unaingia moja kwa moja kwenye nyasi za magoti pale ziwani unaanza kutafuta viti. Simama kwa changarawe kwanza, ngoja. Halafu wacha kuwasha injini masaa mawili ukiwa umesimama eti friji ipate chaji, hiyo sailensa ndefu ndiyo inajaza masizi kuliko safari yenyewe, weka sola na betri ya pili. Oili pia, gari yenye chujio inataka oili yenye majivu kidogo, kwa dizeli za Japani angalia kwa mkebe imeandikwa DL-1, ile ya malori ya bei nafuu inaacha majivu ambayo hakuna moto utayatoa. Na dizeli ya mitungi kando ya barabara, ile imenyonywa kwa lori usiku, hapana. Kwa petroli steshoni za huku kiwango cha salfa kwa dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni 2015, kwa mtungi hakuna mtu anayejua.

Ikikataa kabisa kujisafisha, kuna mafundi wanatoa chujio, wanaliosha kwa presha na kemikali na kulirudisha. Kaa hapo ukiangalia. Simama kabisa, beba kiti chako, uone sega la ndani, vile vishimo vidogo, vikitoka na vikirudi, juu kuna wengine "wanaosha" kwa kuvunja na nyundo halafu wanafunga ganda tupu. Ukilitikisa ukiwa umelishika na ni jepesi kama debe, umechezwa.

Mtihani wa mlima mimi huufanya mara mbili kwa mwaka. Toka Nakuru mapema, panda mpaka Mau Summit kisha uchukue ya Eldoret mpaka Timboroa, mtu akufuate na gari nyingine akirekodi ekzosi yako na simu. Kule juu hewa imepungua kama robo, kwa hivyo kila udhaifu unatoka nje. Moshi mweusi wa mara moja ukikanyaga halafu unapotea, hiyo ni kawaida kwa KDH ya zamani. Mweusi usioisha mlima mzima ni filta ya hewa, paipu ya turbo iliyopasuka, nozo, ama EGR imekwama wazi. Wa bluu ni oili, turbo ama ringi. Mweupe asubuhi ya baridi usijali, mweupe wa mchana wenye harufu tamu ni maji ya rejeta, simama hapo hapo. Kwa gari yenye chujio zima hufai kuona chochote, hata pale juu.

Ya kulala ndani, haraka tu. Nunua kile kifaa cha kengele ya monoksidi ya kaboni, kiweke karibu na kichwa cha kitanda, na pitisha mkono na sabuni kwa maungio yote ya ekzosi chini ya kitanda injini ikiwa ndio imewashwa, povu likivimba kuna mahali panavuja. Jiko la makaa ndani ya gari usiku, hata ukifungua dirisha, hapana. Hapa sibishani na mtu.

Na kama ndio unaenda kununua, iwe ni kampavani tayari ama ni box ya kugeuza, hizo zote zifanye kabla ya kutaja bei, halafu kwa ile karatasi ya mauzo omba laini moja iandikwe kwa mkono: DPF, EGR na AdBlue, kama gari ilikuja nazo, zipo na hazijazimwa kwa softwea. Mwenye gari atie sahihi hapo pembeni. Mimi mwaka jana nilienda Kisumu kuona moja nzuri sana, rangi ya maziwa, hema ya juu, mbao imepigwa vizuri, tishu ilitoka nyeusi lakini nikasema labda. Nilipomwomba hiyo laini jamaa akaniambia, "Mzee wangu, si tuaminiane tu." Nikamrudishia funguo kwa adabu, nikaenda Dunga pale ziwani nikala samaki ngege mzima na ugali, nikarudi Nakuru na matatu.